Mfuatano wa Kozak si Amri

Katika seli zenye kiini, yaani za yukarioti, ziwe za binadamu, za mmea wa mahindi, za hamira au za kimelea cha malaria, ribosomu haianzi kuunda protini mahali popote inapotua. Sehemu yake ndogo hujishikiza kwenye kofia iliyo katika ncha ya 5′ ya mRNA, kisha huteleza kuelekea ncha ya 3′ ikisaka kodoni ya kuanzia, ambayo kwa kawaida ni AUG. Mara nyingi AUG ya kwanza kufikiwa ndiyo hutumika. Mara nyingine hupitilizwa, na kazi huanzia AUG iliyo mbele zaidi. Herufi zinazoizunguka kodoni hiyo, yaani muktadha wake, huchangia kuamua kama itatumika au itapitilizwa. Kutokana na jambo hilo limezuka dai ambalo wanafunzi wa biolojia hulipokea kama sheria: upo mfuatano mmoja bora, GCCACCAUGG, na kadiri mRNA inavyoukaribia ndivyo protini inavyotoka kwa wingi; ikiachana nao, jeni huhesabiwa kuwa na kasoro.

Dai hilo limo katika vitabu vya kiada, katika maelekezo ya maabara za kuunganisha jeni, na katika programu za kompyuta zinazotoa alama kwa mabadiliko ya kinasaba ya wagonjwa. Limekosea mara tatu. Linauchukulia wastani kana kwamba ni agizo, linaeneza hesabu ya kundi moja la viumbe kwa yukarioti wote, na linauita udhaifu wa muktadha kasoro hata pale seli inapoutumia kama chombo cha kazi.

Lawama isimwendee mtu ambaye mfuatano huo unabeba jina lake. Marilyn Kozak, mwanabiolojia wa Marekani, alipendekeza nadharia ya upekuzi mwaka 1978, wakati ambapo wengi walitarajia yukarioti wawe na kitu kinachofanana na mfuatano wa Shine na Dalgarno wa bakteria, uliotambuliwa mwaka 1974. Ule wa bakteria huungana moja kwa moja na RNA ya ribosomu na kuiweka ribosomu mahali pake. Kozak alionyesha kwamba yukarioti hawafanyi hivyo. Kwao ribosomu huingilia mwanzoni mwa mRNA na kusafiri, na herufi za jirani na AUG huja kupimwa baadaye, ribosomu inapofika. Tofauti hii husahauliwa kila mara mfuatano wa Kozak unapoelezwa kuwa “mahali pa kujifunga ribosomu”. Hauivuti ribosomu. Unachofanya ni kuathiri uwezekano wa ribosomu iliyokwisha kufika kusimama au kuendelea na safari.

Katika kuhesabu nafasi, A ya AUG hupewa namba +1, herufi iliyotangulia hupewa −1, na sifuri haitumiki. Mwaka 1987 Kozak alichapisha hesabu ya mRNA 699 za wanyama wenye uti wa mgongo. Nafasi ya −3 ilikuwa na purini, yaani A au G, katika asilimia 97 ya mRNA hizo. Hapo hakuna ubishi. Hakuna nafasi nyingine iliyokaribia kiwango hicho. Nafasi ya +4, ile G inayofuata AUG moja kwa moja, ilikuwa na G katika asilimia 46 tu. Zile C za nafasi ya −1, −2 na −4 zilionekana katika takriban nusu ya mRNA. Anayechukua herufi iliyoongoza katika kila safu ya jedwali kama hilo na kuziunganisha hupata mstari ambao ni mRNA chache mno zinazoubeba wote. Ikumbukwe pia kwamba sehemu tangulizi za mRNA za wanyama hao, yaani zile zilizo kabla ya AUG ya kuanzia, zina C na G nyingi hata mbali na AUG, kwa hiyo wingi wa C karibu na kodoni ya kuanzia kwa kiasi fulani huakisi mtaa mzima, bila kudokeza kazi yoyote maalumu.

Wanaotetea dai hilo hutaja jaribio la mwaka 1986, na wana haki ya kulitaja kwa sababu lilikuwa jaribio safi. Kozak alibadilisha herufi moja moja kuzunguka AUG ya jeni la preproinsulini, akaingiza jeni hizo katika seli za nyani zilizokuzwa maabara, na akapata tofauti ya mara 20 kati ya muktadha bora na ule mbaya kabisa. Namba hiyo imesafiri mbali kuliko masharti yake. Mara 20 ni umbali kati ya ncha mbili za kipimo, pale purini ya −3 na G ya +4 zinapoondolewa pamoja, katika jeni moja na aina moja ya seli. Mabadiliko ya kawaida yanayopatikana kwa watu hugusa herufi moja, mara nyingi nje ya −3, na athari yake huwa ndogo zaidi.

Miundo ya molekuli iliyochunguzwa baadaye inaeleza kwa nini −3 iko peke yake. Ribosomu inayopekua husafiri ikiwa na tRNA inayobeba methionini ya kuanzia, pamoja na protini saidizi kadhaa: eIF1, eIF1A, eIF2, eIF3 na eIF5. Maadamu eIF1 imo mahali pake, mwanya wa kupitishia mRNA hubaki wazi na safari huendelea. AUG ikioana na tRNA, eIF1 husukumwa nje, mwanya hufunga, na uamuzi wa kuanza hauna kurudi nyuma. Herufi ya −3 hugusana na sehemu ya alfa ya eIF2, na herufi ya +4 hugusana na RNA ya ribosomu yenyewe. Miguso hii huisaidia ribosomu kutulia katika hali ya kufunga kwa muda wa kutosha. Hakuna kitasa kinachodai ufunguo wa herufi kumi. Kuna mashindano ya kasi kati ya kutulia na kuondoka, na kila mguso huegemeza mizani kidogo upande mmoja.

Mashindano hayo yamekwisha kupimwa kwa upana. Mwaka 2014 watafiti walijaribu katika seli za mamalia mchanganyiko wote unaowezekana wa herufi kuanzia −6 hadi −1 pamoja na +4 na +5, yaani mifuatano 65,536. Kama swichi ingekuwepo, matokeo yangegawanyika makundi mawili, moja linalowaka na moja lililozima. Yalichotoa ni mteremko usio na ngazi. Purini ya −3 ilionekana wazi, lakini katika nafasi nyingine nyingi herufi mbili au tatu zilifaa karibu sawasawa, na mifuatano mingi isiyofanana na GCCACC ilifanya kazi vizuri kabisa. Anayeandika leo kwamba upo mfuatano mmoja bora anapuuza kipimo kilichouweka mfuatano huo katikati ya umati wa wenzake.

G ya +4 inastahili kuchunguzwa kwa undani, maana ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi desturi inavyoweza kukaa badala ya sababu. Herufi hiyo ni ya kwanza katika kodoni ya pili, kwa hiyo kuibadilisha ni kubadilisha asidi amino ya pili ya protini. Alanini, glisini na valini zote zina kodoni zinazoanza na G. Zote tatu pia ni miongoni mwa asidi amino ndogo zinazoruhusu kimeng'enya kuiondoa methionini ya mwanzo baada ya protini kuundwa, hatua ambayo protini nyingi huihitaji. Basi sehemu ya wingi wa G katika nafasi ya +4 inatokana na mahitaji ya protini yenyewe, wala si ya ribosomu. Mwaka 2007 Xuhua Xia alidai kwamba wingi huo wote hauna uhusiano na ufanisi wa kuanza tafsiri. Hapo alikwenda mbali mno, kwa sababu vipimo vya moja kwa moja huonyesha kuwa G ya +4 husaidia, hasa pale −3 inapokuwa hafifu. Hata hivyo hoja yake ya msingi haijajibiwa na wale wanaoendelea kuisoma asilimia 46 kama ushahidi wa amri.

Imani hiyo imeacha alama hadi ndani ya protini. Protini ya kijani inayong'aa, iliyotokana na kiwavuwavu na kuboreshwa kwa matumizi ya maabara, hubeba valini ya ziada mara baada ya methionini ya kwanza. Kiwavuwavu hakina valini hiyo. Iliongezwa ili herufi ya +4 iwe G. Kwa upande wa pili zipo chanjo mbili za mRNA dhidi ya UVIKO-19, ya Pfizer na BioNTech na ile ya Moderna. Zote mbili zina GCCACC kabla ya AUG, lakini baada yake inafuata U, kwa sababu asidi amino ya pili ya protini ya mwiba ni fenilalanini na kodoni zake zote huanza na U. Wabunifu hawakuingiza asidi amino ngeni ili kuutimiza mfuatano. Walichukua purini ya −3, wakashughulikia sehemu tangulizi, kofia na mkia, wakaiacha +4 ilivyo. Chanjo zilizotolewa kwa mabilioni ya dozi duniani hazina mfuatano kamili wa Kozak.

Kosa la pili ni la ueneaji. Hesabu ya mwaka 1987 ilihusu wanyama wenye uti wa mgongo, na kichwa cha makala yenyewe kilisema hivyo. Mwaka huohuo wengine walihesabu viumbe tofauti na kupata majibu tofauti. Hamira hupendelea A nyingi kabla ya AUG na hufurahia UCU kuliko G baada yake. Nzi wa matunda ana CAAA au kitu cha jirani. Mimea huelekea AACAAUGGC. Kinachobaki kwa wote ni purini ya −3, na hata hiyo haina uzito uleule: katika majaribio ya hamira kuibadilisha −3 peke yake kulipunguza tafsiri kwa takriban mara mbili, mbali sana na mara 20.

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kinawahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko hamira, nacho kinaibomoa kabisa dhana ya mfuatano wa wote. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2002, ina A na T kwa takriban asilimia 80. Sehemu tangulizi za mRNA zake ni ndefu, zimejaa A, na zina AUG nyingi zilizozagaa kabla ya ile halisi. Kutafuta GCCACC humo ni kazi bure. Hata hivyo kimelea hudhibiti mwanzo wa tafsiri kwa umakini mkubwa. Mwaka 1996 uchunguzi wa kondo za wanawake nchini Kenya ulionyesha kwamba vimelea vya malaria ya ujauzito hushika kondroitini salfeti A, molekuli iliyo kwenye kondo hizo, na baadaye protini inayofanya kazi hiyo ikatambuliwa kuwa VAR2CSA. Kabla ya AUG ya jeni la VAR2CSA kuna fremu nyingine ya usomaji inayoanza na AUG yake. Ribosomu inayoitafsiri fremu hiyo kwa kawaida haifiki kwenye protini yenyewe, na hivyo kimelea huweza kuwa na mRNA bila kuwa na protini. Hapo kinachoamua ni kile kilichoitangulia AUG kuu, wala si herufi kumi zinazoizunguka.

Jambo hilo si la vimelea peke yao. Takriban nusu ya mRNA za binadamu zina angalau fremu tangulizi moja ya aina hiyo, na uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kwa kawaida fremu hizo hupunguza protini kwa asilimia 30 hadi 80. Punguzo hilo hupatikana hata pale AUG kuu inapokuwa na muktadha usio na dosari. Mwaka 2019 kundi la Chuo Kikuu cha Washington lilijaribu sehemu tangulizi 280,000 zilizotungwa kwa kubahatisha, zote zikiwa mbele ya protini ileile ya kijani, likajenga modeli ya kompyuta iliyoeleza hadi asilimia 93 ya tofauti za idadi ya ribosomu kwenye mRNA hizo. Mambo yaliyotawala yalikuwa AUG za mapema zisizolingana na fremu kuu, na mikunjo ya RNA. Muktadha wa Kozak ulikuwa na kazi kubwa humo pia, ila kazi yake mara nyingi ilikuwa ya kudhuru: kadiri AUG ya mapema ilivyokuwa na muktadha mzuri, ndivyo ilivyoinyima AUG kuu ribosomu. Dai la kwamba muktadha imara huongeza protini halisemi kitu mpaka liulizwe ni muktadha wa AUG ipi.

Kozak mwenyewe alionyesha mapema kwamba mikunjo hubadilisha matokeo bila herufi yoyote ya muktadha kuguswa. Mwaka 1990 aliweka kikunjo cha RNA nukleotidi 14 baada ya AUG dhaifu, na matumizi ya AUG hiyo yakapanda. Kikunjo kilisimamisha ribosomu kwa muda juu ya kodoni iliyokuwa ikipitilizwa.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi, kwa kuwa linageuza kazi ya kawaida ya seli kuwa ugonjwa. Virusi vya UKIMWI hutoa protini mbili, Vpu na Env, kutoka kwenye aina moja ya mRNA. AUG ya Vpu inatangulia, na muktadha wake ni dhaifu. Ribosomu nyingi huipitiliza na kuifikia AUG ya Env. Programu ya kompyuta ingeipa AUG ya Vpu alama ya chini na kupendekeza irekebishwe. Kirusi kilichorekebishwa hivyo kingekosa Env ya kutosha kuingia katika seli mpya.

Mfano wa eIF1 una mshangao zaidi. Hii ndiyo protini inayoifanya ribosomu iwe makini, na AUG ya jeni lake lenyewe ina muktadha mbaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa ubaya huo umehifadhiwa katika yukarioti walio mbali sana kinasaba. Protini ikizidi, umakini hupanda, AUG yake yenyewe hupitilizwa, na uzalishaji hushuka; ikipungua, kinyume chake hutokea. Kama muktadha dhaifu ungekuwa kasoro tu, uteuzi wa asili ulikuwa na mamia ya mamilioni ya miaka ya kuuondoa.

Kutokana na hilo inafuata kwamba nguvu ya muktadha si sifa ya herufi peke yake. Seli yenye eIF1 nyingi hudai muktadha bora. Yenye eIF5 nyingi hulegeza masharti. Mwaka 2024 ilionyeshwa kwamba wakati seli inapogawanyika, akiba ya eIF1 iliyokuwa ndani ya kiini huachiliwa, na uteuzi wa kodoni hukaza kwa muda. Mfuatano uleule wa herufi ulikuwa na nguvu moja saa chache kabla na nguvu nyingine wakati huo.

Ushahidi wa kitabibu ndio ngome ya mwisho ya dai linalopingwa. Mwaka 1985 ilielezwa talasemia ya alfa iliyotokana na kupotea kwa nukleotidi mbili, za −2 na −3, kabla ya AUG ya globini. A ya −3 ilitoweka, mahali pake pakaja C, na protini ikapungua. Mfano huu ni wa kweli, na unathibitisha kile ambacho hakibishaniwi: purini ya −3. Hauthibitishi lolote kuhusu herufi nyingine za muktadha. Mifano mingine ya kliniki inaelekea upande tofauti. Katika jeni la CD40, herufi ya −1 hutofautiana kati ya watu, C au T. Aina ya C, ile inayolingana na mfuatano wa Kozak na kutoa protini zaidi kidogo, ndiyo iliyohusishwa na ugonjwa wa Graves. Katika baadhi ya familia zenye melanoma, badiliko la −34 katika jeni la CDKN2A huzaa AUG mpya inayoipora AUG kuu ribosomu, huku muktadha wa AUG kuu ukibaki kama ulivyokuwa. Na katika familia moja ya Uholanzi iliyoelezwa mwaka 1998, ugonjwa wa wingi wa chembe sahani ulitokana na kuondoka kwa fremu tangulizi katika mRNA ya thrombopoyetini: tafsiri ilipanda kupita kiasi. Mgonjwa aliumia kwa sababu mRNA yake ilifanya kazi vizuri mno.

Kuna walioyasoma haya yote na kuhitimisha kwamba mfuatano wa Kozak hauna maana. Nao wamepotoka. Purini ya −3 ingali nafasi yenye nguvu kuliko zote zinazoizunguka AUG, na mhandisi wa jeni anayeandika GCCACC mbele ya jeni litakalotumika katika seli za binadamu hafanyi kosa. Anakosea anapouweka mstari uleule mbele ya jeni litakalotumika katika hamira au katika Plasmodium na kutarajia faida ileile, au anapoacha kuangalia kama utangulizi aliounakili una AUG nyingine ndani yake.

Waandishi wa vitabu vya kiada wauondoe mstari wa herufi kumi na kuweka mahali pake jedwali la asilimia za kila nafasi, likitaja kundi la viumbe lililohesabiwa. Maabara zinazotoa majibu ya vinasaba nazo zipime protini yenyewe, katika aina ya seli inayohusika, kabla ya kumwandikia mgonjwa kwamba badiliko lililo karibu na AUG yake ni la hatari.